Injini Iliyochemshwa na Heshima

Injini ilichemsha tena, na kama kawaida yake ilichagua mahali pabaya kuliko pote, katikati ya ziwa, huku mbali na kule mbali. King'ora cha kando ya usukani kikalia, mshale wa geji ukawa umelala kwenye rangi nyekundu, na nahodha akarudisha nyuma mkono wa mafuta bila kuambiwa. Boti ikapunguza mwendo, ikasimama, ikaanza kuyumba na abiria wake. Mtu wa viti vya nyuma akasema, "Haya, tumefika," na wenzake wakacheka kicheko cha watu waliochoka.

Spana akainuka, uso umemshuka. Jina hilo alipewa gatini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila spana mkononi au mfukoni mwa suruali yake ya kazi. Alikuwa mke wa nahodha na mkwe wa mwenye boti, lakini ufundi hakuupata kwa kuolewa. Alikulia kwenye gereji ya baba yake, na injini ya dizeli aliijua nje ndani. Mwanzoni mwa mwaka aliomba aifumue hii, iliyokuwa imezeeka na kukohoa moshi, na akaifumua kweli, kipande kwa kipande. Akabadilisha ringi, akabadilisha beringi, akatupa raba za kukalia injini zilizokuwa zimelala kwa uzee na kuweka mpya. Injini ikarudi na sauti nzuri ajabu. Kisha ikaanza kuchemsha, na furaha yake yote ikatumbukia nyongo.

"Mama, samahani," akasema. "Naomba nifungue."

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya injini yenyewe. Injini ya boti ile imo ndani ya kasha la mbao katikati ya viti, na mfuniko wa kasha ndio uliokuwa kiti chake. Marehemu mumewe alimkalisha pale siku boti iliposhushwa majini kwa mara ya kwanza, apate kuwaona abiria wote bila kugeuza shingo, na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyewahi kupakalia. Si mjukuu, si mgonjwa, si kikapu. Boti ikijaa mpaka watu wakaning'inia kwenye nguzo, mfuniko unabaki wa kwake, na asiposafiri, mto wake wa kukalia husafiri peke yake. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu vikao vya ukoo haviendi bila yeye, kila mtu alimwita Mwenyekiti. Alikuwa mama mwenye mwili, amejazia kila upande, jambo ambalo watu wote waliliona na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Mwenyekiti akainuka kwa utaratibu wake, nahodha akimshika mkono, mto wake ukachukuliwa na kupelekwa kivulini. Spana akafungua mfuniko. Joto likampiga usoni. Akasubiri lipoe, akatazama, akapapasa, akasikiliza, na kama siku zote hakuona kitu. Akawasha. Injini ikaunguruma, maji yakatoka kule nyuma kwa nguvu zote, tena kwa dharau, mtu angesema.

"Nilisema mimi," ikatoka sauti mbele.

Huyo alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa nahodha, ambaye kazi yake botini ilikuwa kufunga na kufungua kamba na kuwa na maoni. Alikuwa na tabia ya kudai kwamba kila lililotokea alilisema kabla, hata mvua. Gati zima lilimwita Nilisema, na yeye alilipokea jina hilo kama sifa.

Sasa msomaji aelewe kidogo, maana bila hili hataona utamu wa yanayofuata. Injini ya namna ile inakunywa maji ya ziwa. Yanaingia kwa chini ya boti, yanapita kwenye chujio, pampu inayasukuma kwa bomba la mpira linalokatiza juu ya injini, yanafika kwenye kipozeo, yanabeba joto, kisha yanatemwa nje nyuma ya boti pamoja na moshi. Yakipungua mahali popote kwenye njia hiyo, injini inachemsha. Hakuna uchawi hapo. Ni maji na njia yake.

Na Spana aliikagua njia hiyo mpaka akaiota. Chujio alilikuta safi kama vyombo vya wageni. Pampu aliifungua, akayahesabu mabawa ya raba yake ya ndani, yote yapo. Thamostati, kile kilango kinachofunguka chenyewe maji yakipata moto, aliitumbukiza jikoni kwenye sufuria ya maji ya moto, ikafunguka vile inavyotakiwa, na Mwenyekiti akauliza ni nani ameifanya sufuria yake inuke dizeli. Nahodha alipiga mbizi chini ya boti kutafuta mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa kuingizia maji, akaibuka na mafua tu.

Mwisho waliijaribu kwa mzigo kamili. Abiria hawaazimwi, kwa hiyo walijaza mchanga kwenye viroba na kuvipanga kwenye viti, kila kiti na kiroba chake, kama watu wanaokwenda msibani. Nilisema mwenyewe alisaidia kubeba. Walipofika kwenye mfuniko wa Mwenyekiti wakaupita kwa heshima zote, kiroba kilichobaki wakakilaza sakafuni, kwa maana nani angeweka mchanga pale? Boti ikaenda ng'ambo na kurudi, mafuta mpaka mwisho, na mshale haukuvuka katikati ya geji. Kesho yake wakapakia watu. Ikachemsha.

Jioni ya siku hii ya sasa kikao kikaitwa sebuleni kwa Mwenyekiti. Chai ikamiminwa, na chai ya kikao ina ladha yake mbaya, anayeijua anaijua.

"Nilisema mimi," akaanza shemeji. "Injini ya zamani ilikuwa na kikohozi, sawa, lakini ilikuwa inafika. Tangu shemeji yangu aichokonoe, tumekuwa kichekesho. Abiria wanahamia boti nyingine. Tuitoe, tuweke nyingine. Ipo moja naijua, imetumika kidogo tu."

"Imetumika kidogo na nani?" akauliza Spana.

"Na watu."

Nahodha akakohoa. Alikuwa mume mwema, mkono wake haukutetereka kwenye mawimbi, lakini mbele ya mama yake na kaka yake aligeuka kuwa mtazamaji. Spana alimpenda hivyo hivyo, ingawa jioni ile alitamani kumfinya.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. "Mwanangu," akamwambia Spana, na sauti haikuwa ya ukali, jambo lililomwumiza zaidi. "Nilikuachia injini kwa sababu nilikuamini. Kesho ni siku ya mwisho. Tukienda na kurudi king'ora kisilie, hakuna atakayefungua mdomo tena katika nyumba hii. Kikilia hata mara moja, injini inatoka, shemeji yako atasimamia nyingine, na wewe utakaa dirishani ukate tiketi."

"Sawa, Mama."

Moyoni aliona dirisha lile la tiketi, dogo, lenye nondo, na yeye nyuma yake akisikiliza injini ikifunguliwa na mikono ya watu wengine. Hakuwahi kuwa mtu wa kulia mbele za watu, akajifanya anapuliza chai.

Walipokuwa wawili chumbani, nahodha akakaa ukingoni mwa kitanda na kuvua viatu. "Nisamehe. Ningesema kitu, lakini sikujua cha kusema."

"Ungesema chochote. Ungesema chai ni ya moto."

Nahodha akacheka kidogo, Spana naye akacheka, ikawa nafuu. Kisha Spana akatazama dari. "Hebu niambie. Ikibeba mchanga haichemshi. Ikibeba watu inachemsha. Uzito ni ule ule. Watu wana nini ambacho mchanga hauna?"

"Mchanga haulalamiki."

"Mimi sitanii."

"Wala mimi." Akafikiri. "Watu wanasogea. Wanainuka, wanakaa, wanahama upande."

Spana akageuka kumtazama. Alikuwa ameifungua injini ile mara zisizo na idadi, na kila mara ilikuwa imesimama. Akiitazama haiumwi, akiifunika inaumwa. Hakuwahi hata siku moja kuyatazama maji yenyewe yakitoka, boti ikiwa inakimbia na watu ndani, kwa sababu watu wakijaa nyuma inazama kidogo na tundu la kutemea maji halionekani mpaka mtu alale kifudifudi na kuning'iniza kichwa nje. Kwa mama mwenye watoto, mkwe wa Mwenyekiti, mbele ya abiria, hilo halikuwa jambo la kufanya.

"Kesho nitalifanya," akasema, na mumewe hakuuliza ni nini. Akamfunika shuka.

Asubuhi boti ilijaa, kwa kuwa boti nyingine ilikuwa imekwisha kuondoka. Mwenyekiti alisimama karibu na ngazi akiwahesabu watu kwa macho, kama desturi yake. Nahodha akawasha. Spana akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma kabisa, alipokuwa amekaa fundi cherehani wa sokoni, mwanamke mwenye mikono imara na mdomo usiopumzika.

"Dada, nina ombi la ajabu," Spana akamwambia. "Nataka kulala hapa kichwa kikiwa nje. Nishike miguu."

"Unatapika?"

"Natazama maji."

"Maji yapo kila mahali, mama, hata ukiwa umekaa," akasema fundi cherehani, lakini alikuwa ameshamshika vifundo vya miguu, tena kwa mshiko wa mtu aliyezoea vitambaa vinavyoteleza.

Spana akajinyoosha kifudifudi juu ya ukingo, kichwa chini, nywele zikilambwa na upepo. Tundu lile hapo. Maji yalikuwa yanatoka kwa mafungu manono, pu, pu, pu, pamoja na moshi mwembamba. Kamba zikafunguliwa, boti ikaondoka gatini, nahodha akaongeza mafuta, maji yakazidi. Vizuri. Moyo ukamtulia. Halafu ghafla, bila sababu yoyote aliyoiona, yakapungua. Mafungu manono yakawa uzi, kama mkojo wa mtoto. Moshi ukageuka mweupe wa mvuke.

Akakodoa macho. Hakuna kilichobadilika. Injini inanguruma vile vile, mwendo ni ule ule, ziwa limetulia. Na maji hakuna.

"Vipi huko?" akauliza fundi cherehani.

"Yamekata."

"Nini kimekata?"

Kabla hajajibu, maji yakarudi. Yakamwagika kwa kishindo hadi yakamrushia usoni. Akiwa bado anajifuta, akasikia sauti ya Mwenyekiti ikipita juu ya vichwa vya abiria.

"Ni nini kile? Ni nani yule ananing'inia miguu juu kama nguo za kuanikwa? Si mkwe wangu yule?"

"Ni yeye, Mwenyekiti," akajibu fundi cherehani. "Anatazama maji."

"Mwambie akae kama watu."

Maji yakakata tena.

Spana akabaki ameduwaa, kichwa chini, damu imejaa masikioni. Akasubiri. Mshale bila shaka ulikuwa unapanda kule mbele. Baada ya kitambo maji yakafumka tena kwa nguvu, na papo hapo sauti ya Mwenyekiti ikaja, kali zaidi. "Bado yupo? Hamkusikia nilivyosema?" Kisha kimya, na maji yakawa uzi.

"Dada," Spana akaita. "Mwenyekiti amesimama au amekaa?"

"Sasa hivi amekaa. Amenuna."

"Na alipokuwa anasema?"

"Alisimama. Atasemaje watu akiwa amekaa? Yule akisema husimama."

Spana akafumba macho. Katika maisha yake ya ufundi hajawahi kufurahi vile, na hajawahi kuogopa vile, vyote kwa pamoja. Raba mpya. Zile raba za zamani zilikuwa zimelala, injini imekaa chini; zake mpya ziliinyanyua kiasi cha unene wa kidole, na bomba la mpira linalokatiza juu yake likanyanyuka pamoja nayo mpaka likakaribia mfuniko. Mfuniko ukiwa mtupu, bomba ni huru. Ukifunguliwa, bomba ni huru. Ukikaliwa, ubao unabonyea na kulikanyaga bomba. Na kati ya watu wote duniani aliyeruhusiwa kuukalia mfuniko ule ni mmoja. Waliijaribu injini kwa mchanga kila mahali isipokuwa mahali pale, kwa adabu zao.

"Nivute," akasema.

Alipita katikati ya abiria akiwa ameloa kifuani. Mshale ulikuwa unanyemelea nyekundu. Nahodha aliuonyesha kwa macho. Nilisema alikuwa ameegemea nguzo karibu na king'ora, ametulia kama mtu anayesubiri harusi ianze. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti chake, mgongo wima, mikono imekunjwa.

Kumwambia mama mkwe kwamba uzito wake unainyonga injini, mbele ya boti nzima. Watu wamepewa talaka kwa madogo kuliko hayo. Spana akapiga moyo konde, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, naomba usimame."

Mazungumzo yakafa viti vya karibu, kisha vya mbali. Boti nzima ikawa masikio.

"Nisimame?" akasema Mwenyekiti. "Injini imechemsha?"

"Bado kidogo. Mama, ukikaa hapo, mfuniko unabana bomba la maji. Ukisimama, linaachia. Nimeyaona maji kwa macho yangu."

Nilisema akajitoa kwenye nguzo. "Shemeji, unamwambia mama yangu mnene?"

"Wewe nyamaza," akasema Mwenyekiti bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Spana, na hayakuwa na dalili yoyote. "Una hakika na unachokisema?"

"Hapana, Mama. Nitakuwa na hakika ukisimama."

Yule mama akaikunjua mikono yake. Kisha akanyoosha mmoja. Si kwa nahodha, aliyekuwa kwenye usukani, wala kwa Nilisema, aliyeukimbilia. Akaushika mkono wa mkwe wake, uliojaa grisi, akainuka.

Watu wote wakageukia geji, hata wale ambao hawakujua geji ni ipi. Mshale ulikuwa umegusa nyekundu. Ukatetemeka hapo. Haukupanda, haukushuka. Nahodha alikuwa na mkono kwenye mafuta, tayari kurudisha nyuma.

"Usipunguze," akasema Spana. "Acha hivyo hivyo."

"Kikilia je?"

"Kikilia nitakata tiketi."

Mshale ukateremka. Kidogo tu, upana wa ukucha, ukatulia, ukateremka tena. Kutoka kule nyuma fundi cherehani, aliyekuwa sasa ameinama mwenyewe juu ya ukingo, akapaza sauti, "Yanamwagika! Yanamwagika kama bomba limepasuka!"

Mtu akapiga makofi. Nilisema akasema hiyo ni bahati tu, injini huwa inapoa yenyewe wakati mwingine, yeye alishasema. Mwenyekiti akamgeukia taratibu.

"Bahati, siyo? Haya." Akauangalia mfuniko, akapangusa gauni lake, akakaa. "Fundi cherehani! Yako wapi maji?"

"Yamekata!"

Akasimama. "Na sasa?"

"Yapo!"

Akakaa. "Sasa?"

"Yamekwenda!"

Abiria wakashindwa kujizuia. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele, na Spana akaogopa kuinua uso mpaka aliposikia kicheko kimoja kinene juu ya vyote, nacho kilikuwa cha Mwenyekiti mwenyewe. Alikuwa amesimama, ameshika nguzo, machozi yakimtoka.

"Mnacheka nini?" akasema alipopata pumzi. "Uzito huu sikuuokota barabarani. Fundi cherehani, sema ukweli mbele ya watu, gauni langu linakula kitambaa kiasi gani?"

"Mwenyekiti, mimi nipo kwenye maji huku, usiniponze."

Na alisimama hivyo mpaka ng'ambo. Abiria zaidi ya mmoja walimpa kiti, akakataa. Alisema yeye ndiye anayeendesha boti leo, asisumbuliwe. King'ora hakikulia.

Walipofunga kamba upande wa pili, Spana alifungua mfuniko na kulipapasa bomba kwa upande wake wa juu. Ulikuwepo mstari mwembamba unaong'aa, alama ya ubao. Alishauona kabla na kuufuta kwa kitambaa akidhani ni grisi. Akajiita mpumbavu kwa sauti ndogo, kisha akamwomba nahodha msumeno.

"Unaondoa kiti changu?" akauliza Mwenyekiti nyuma yake. Sauti ilikuwa imebadilika. Hapakuwa na mzaha ndani yake.

Spana akaelewa, na akashukuru kwamba alikuwa ameshalifikiria. "Siondoi, Mama. Nakipandisha."

Akakata vipande vya mbao ngumu kutoka kwenye boriti kuukuu lililokuwa limetupwa gatini, akavipigilia juu ya kingo za kasha, kila kona na kipande chake, na kimoja katikati ya kila upande. Chini ya mfuniko akaongeza ubao wa mkingamo, mbali na bomba, ili usibonyee tena. Nahodha alishika, yeye akapigilia. Nilisema alisimama kando, akapewa misumari aishike, akaishika. Mfuniko uliporudishwa ulikuwa umepanda juu ya pale ulipokuwa, na mto ukawekwa juu yake.

"Kaa, Mama," akasema Spana. "Kaa vizuri kabisa. Usijionee huruma."

Mwenyekiti akakaa kwa uzito wake wote, na kwa nyongeza. Injini ikawashwa. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kwenda sokoni kwake, kwa hiyo nahodha aliacha usukani na kwenda mwenyewe kulala kifudifudi nyuma ya boti yake, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Akanyanyua kichwa, uso umelowa.

"Yanatoka, mke wangu," akasema. "Yanatoka vizuri sana."

Safari ya kurudi Spana hakukaa. Alisimama kando ya geji, na walipofika katikati ya ziwa, mahali pale pale, akamwambia nahodha aongeze mafuta. Akaongeza. "Ongeza tena." Mkono wa mafuta ukafika mwisho wake, na injini ile aliyoifumua na kuisuka upya kwa mikono yake ikatoa sauti ambayo hajawahi kuisikia ikiwa na watu ndani, nzito, safi, isiyo na kikohozi hata kidogo. Mshale ulikaa katikati. Mbele yao ile boti nyingine, iliyoondoka ng'ambo kabla yao, ikaanza kukua machoni, kisha ikawa ubavuni, kisha nyuma. Abiria wao wakawapungia wale wengine mikono kwa ufidhuli wa watu waliowahi kuvutwa kwa kamba injini yao ikiwa imechemsha. Mwenyekiti, juu ya kiti chake kipya, aliwaona wote bila kugeuza shingo. Yeye hakupunga. Aliinamisha kichwa kidogo tu, kwa heshima, kama anavyofanya mtu anayepita msafara wa wengine.

Spana alihisi kifua kinampasuka. Alikuwa na furaha ya kuumiza, na hakujua aiweke wapi, akaishia kumpiga mumewe ngumi begani. Nahodha akasema pole, kwa mazoea.

Gatini Nilisema alifunga kamba kimya. Alipomaliza akakaribia, akajikuna shingo. "Mama, kikao cha jioni kipo?"

"Kipo," akasema Mwenyekiti. "Tuna dirisha la tiketi halina mtu. Nilifikiri lingepata mtu leo, halikupata. Wewe unaandika vizuri."

"Mama, mimi..."

"Ulisema nini?"

Nilisema akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza hakuwa amesema kitu.

Mwenyekiti akateremka kutoka kwenye kiti chake, na kwa kuwa sasa kilikuwa juu zaidi, ilibidi ashikwe mikono miwili. Alipokanyaga sakafu hakumwachia Spana mara moja. "Ulijua ningeweza kukasirika," akasema, kwa sauti ya wao wawili.

"Nilijua, Mama."

"Na ukaniambia."

"Maji yalikuwa yamekata."

Mwenyekiti akatikisa kichwa, akaitazama grisi iliyobaki kwenye kiganja chake, akajifuta kwenye gauni lake zuri kana kwamba ni kitu cha kawaida. "Kesho tunaondoka alfajiri," akasema. "Safari mbili tutakwenda, siyo moja. Itaweza?"

"Itaweza."

Abiria walikuwa wanateremka, kila mmoja akigusa kasha kwa mkono alipopita, wengine wakimpa Spana pongezi, mmoja akimwuliza kama anatengeneza na pikipiki. Injini ilikuwa bado inanguruma chini ya mfuniko. Siku nyingi zilizopita ilikuwa inajizima yenyewe, au inazimwa kwa hofu, katikati ya maji na minong'ono. Spana akaweka kidole kwenye kitufe cha kuzimia na hakukibonyeza. Aliiacha ingurume mpaka mtu wa mwisho ashuke akiwa anaisikia, mpaka mumewe amalize kukunja kamba, mpaka yeye mwenyewe atosheke nayo. Kisha akaizima, kwa kupenda kwake.